Nina CPA(T) na shahada ya miaka mitatu: leseni ya CPA ya Ohio naipataje?

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni Mtanzania, nina shahada ya biashara upande wa uhasibu, ya miaka mitatu, na CPA(T), yaani sifa ya juu ya uhasibu inayotolewa na NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania. Nimefanya ukaguzi wa hesabu Dar es Salaam miaka sita. Sasa niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa pili, kadi ya ukaazi ninayo, naingiza ankara kwenye kampuni ya malori. Mtu mmoja kaniambia CPA ni CPA, nijisajili tu. Mwingine anasema shahada yangu huku haina thamani, nianze chuo upya. Nani mkweli? Na nianzie wapi, maana fedha yenyewe ni ya kuhesabu?

Jibu: Salama dada, pole na majukumu. Wote wawili wamekupotosha, kila mmoja kwa upande wake. CPA(T) haigeuki leseni ya Ohio kwa kujisajili, na shahada yako haijafa. Kitakachoamua kama safari hii ni ya miaka miwili au mitano ni karatasi moja ambayo hukuitaja: ripoti ya tathmini ya shahada yako. Kabla hujanunua hata kitabu kimoja cha mtihani, anza na hiyo. Nitaieleza kwa kirefu kuliko mengine kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapokwama, na wakikwama hapo wanakuwa tayari wameshatoa fedha.

Nani anatoa leseni

Kwetu tumezoea chombo kimoja cha taifa: NBAA Tanzania, ICPAU Uganda, na Kenya KASNEB inatahini kisha ICPAK inasajili. Marekani haina chombo cha taifa kinachotoa leseni ya uhasibu. Kila jimbo lina sheria yake na bodi yake, utaratibu ulioanzia New York mwaka 1896, na leo zipo bodi 55 ukihesabu na Washington DC, Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin na Mariana Kaskazini. Ya kwako ni Bodi ya Wahasibu ya Ohio. Utasikia majina mengine matatu, yasikuchanganye: AICPA, chama cha wahasibu wa Marekani, inatunga mtihani, NASBA ni umoja wa bodi za majimbo na inapokea maombi ya mtihani kwa niaba ya bodi nyingi, Ohio ikiwemo, na Prometric ndiyo yenye vyumba vya mtihani. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayekupa leseni. Inatoka kwa bodi ya jimbo tu.

Yapo makubaliano ya kutambuana baina ya Marekani na vyombo vya nchi kadhaa, kama Kanada, Australia, Scotland na Afrika Kusini. Mwenye sifa ya vyombo hivyo ana njia fupi. NBAA haimo, ICPAK haimo, ICPAU haimo. Makubaliano ya vyombo vya Afrika Mashariki yatakufaa ukihamia Kampala au Nairobi, Columbus hayafiki.

Kwa hiyo hili lifanye leo hii: angalia wasifu wako wa kazi, kadi yako ya biashara na saini ya barua pepe. Kama umeandika herufi CPA baada ya jina lako, ziondoe. Sheria ya Ohio, kama ya majimbo mengine, inakataza asiye na leseni hai kujiita CPA, na bodi ina uwezo wa kukuadhibu na kulikumbuka jambo hilo siku utakapoomba leseni. Andika kwa urefu: mhasibu na mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, Tanzania, na mwaka. Nchi ionekane. Hilo ni kweli, halimpotoshi mtu, na mwajiri anayejua kazi ataliona.

Ohio inataka nini sasa

Majimbo yote yanajenga juu ya mafiga matatu: elimu, mtihani, uzoefu. Kwa miaka mingi figa la elimu lilikuwa krediti 150 za chuo, wakati shahada ya kwanza ya Kimarekani ni krediti 120. Zile 30 za ziada zilikuwa mwaka mzima wa ada juu ya shahada, na ziliwafungia nje watu wengi. Ohio ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kulegeza: sheria ilitiwa saini Januari 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Virginia nayo ilianza tarehe hiyohiyo, na majimbo mengine mengi yamefuata.

Sasa Ohio ina njia hizi. Ukiwa na shahada ya kwanza yenye masomo ya uhasibu ya kutosha, ukafaulu mtihani na kufanya kazi miaka miwili, unapata leseni. Ukiwa na shahada ya kwanza pamoja na krediti 30 za ziada, au shahada ya uzamili, uzoefu unaotakiwa unashuka kuwa mwaka mmoja. Kwa mtu wa hali yako ile ya kwanza ndiyo yenye nafuu, kwa sharti moja: ripoti ya tathmini iseme kwamba shahada yako ni sawa na shahada ya kwanza ya Marekani. Na hapo ndipo penye kazi.

Tathmini: miaka mitatu inahesabiwaje

Hesabu ya Marekani ni hii: mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 30 za muhula. Miaka minne, 120. Mkenya aliyesoma 8-4-4 na B.Com ya miaka minne mara nyingi anaingia moja kwa moja. Mtanzania na Mganda wa miaka mitatu, ukihesabu chuo peke yake, wanaishia 90.

Kosa ninalotaka uliepuke ni la kusoma transkripti yako ukaona krediti 360 ukafurahi. Krediti za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni kitu kingine. Krediti moja ya TCU ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo mwaka una 120 na shahada ya miaka mitatu ina 360. Gawanya kwa 4: 120 za TCU ni kama 30 za Marekani, na 360 ni kama 90. Somo la krediti 12 kwenye transkripti yako litageuka krediti 3 hivi. Kaa na transkripti jioni moja, pigia mstari masomo ya uhasibu, ukaguzi, kodi na uhasibu wa gharama, yagawe kwa 4, ujumlishe. Kisha fanya vivyo hivyo kwa masomo ya biashara: uchumi, fedha, sheria ya biashara, takwimu, uongozi, masoko. Bodi hazitazami jumla tu, zinatazama mafungu haya mawili. Majimbo mengi yanataka kati ya krediti 24 na 30 za uhasibu na kama 24 za biashara. Illinois ni 30 na 24, New York ni kali zaidi, 33 na 36. Ukiona uhasibu wako umefika 21 tu, unajua mapema kwamba unapungukiwa na somo moja au mawili, na hayo unaweza kuyachukua chuo cha jamii (community college) jioni.

Sasa ile 90. Hapa watathmini hawasemi lugha moja. Wapo wanaosema shahada ya miaka mitatu iliyotanguliwa na Kidato cha Sita inalingana na shahada ya kwanza ya Marekani, kwa kuwa miaka yetu miwili ya A-level inaingia kwenye mada ambazo Mmarekani anazisoma mwaka wa kwanza wa chuo. Wapo wanaosema ni miaka mitatu ya chuo, basi. Ndiyo maana vyeti vyako vya Kidato cha Sita na matokeo yake usiviache nyuma. Watu wengi hutuma transkripti ya chuo peke yake, mtathmini anahesabu alichotumiwa, ripoti inatoka na 90, na kuirekebisha ni kulipa tena na kusubiri tena.

Utaratibu wenyewe uende hivi. Kwanza tazama orodha ya watathmini ambao bodi yako inawakubali. NASBA ina kitengo chake cha tathmini ya elimu ya nje, NIES, kinachokubaliwa na bodi nyingi. Bodi nyingine zinakubali na makampuni mengine. Ripoti uliyofanyiwa kwa ajili ya uhamiaji au kazi, kutoka kampuni isiyo kwenye orodha, haitasomwa hata kama inakusifia. Pili, omba tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla, inayosema tu "shahada hii inalingana na ile", ni rahisi zaidi lakini haifai kitu hapa, maana haionyeshi krediti za uhasibu. Tatu, transkripti isipite mikononi mwako. Chuo kiitume chenyewe kwa mtathmini, kwa njia ya kielektroniki au kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri kwenye mkunjo. Ukiifungua kuangalia kama matokeo ni sawa, umeiharibu. Ulipie na DHL, kisha mwombe ndugu aliyeko Dar aende ofisi ya msajili wa chuo ana kwa ana. Barua pepe pekee zinaweza kukaa miezi.

Nne, majina. Hili linaonekana dogo hadi likupate. Cheti cha Kidato cha Nne kinasema Salum, cha chuo kinasema Salim. Cheti cha NBAA kina majina matatu na pasipoti ina mawili. Au uliolewa ukabadilisha jina baada ya kuhitimu. Kwa mtathmini hao ni watu wawili. Andaa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, pamoja na cheti cha ndoa, uvitume na maombi ya kwanza, usisubiri kuulizwa. (Kwa msomaji kutoka Kongo: stashahada na matokeo yaliyoandikwa kwa Kifaransa yanahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na kama ulisoma mfumo wa zamani wa graduat miaka mitatu na licence miwili, tuma zote mbili. Graduat peke yake itakuangusha.)

Na CPA(T)? Ipeleke, haina hasara, lakini usijenge hesabu juu yake. Masomo ya bodi ya kitaaluma si masomo ya chuo kikuu, na mara nyingi hayapewi krediti.

Ripoti ikitoka na sentensi kwamba una shahada ya kwanza inayolingana, na mafungu ya uhasibu na biashara yametimia, shukuru Mungu uende kwenye mtihani. Ikitoka 90 bila usawa huo, una njia mbili za maana. Moja ni kumalizia shahada: vyuo vingi vya Marekani hupokea krediti 90 na kukutaka usome kama 30 kwao ili wakupe shahada yao. Nyingine ni shahada ya uzamili ya uhasibu, kwa kawaida krediti 30 hadi 36, ambayo inakupa figa la elimu na kupunguza uzoefu hadi mwaka mmoja. Kwa mwenye CPA(T) na miaka sita ya ukaguzi, vyuo kadhaa vitakupokea uzamili hata na shahada ya miaka mitatu. Mimi ningeelekea huko, kwa sababu shahada ya uzamili ya Marekani inakaa vizuri kwenye wasifu na inakubalika kirahisi ukihama jimbo. Lakini kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, iandikie bodi barua pepe: eleza shahada yako, ambatisha tathmini, taja programu unayotaka kujiunga nayo, uliza kama itatosheleza elimu ya leseni. Jibu lao litunze. Maneno ya simu hayana ushahidi, na mshauri wa chuo anajua mahitaji ya chuo, hajui ya bodi.

Angalizo kuhusu vyuo vya jamii: ni vya bei nafuu na ni msaada mkubwa kwa krediti za biashara au za kujazia. Baadhi ya majimbo, hata hivyo, yanataka sehemu ya masomo ya uhasibu yawe ya ngazi ya juu, yaani ya mwaka wa tatu na wa nne wa chuo, na somo la utangulizi wa uhasibu ulilochukua kwa bei rahisi halitahesabiwa humo. Tena somo ambalo tayari unalo kwenye transkripti ya Tanzania ukilirudia huku, utahesabiwa mara moja tu.

Mtihani

Una sehemu nne, kila moja saa 4. Tangu Januari 2024 tatu ni za lazima kwa wote: AUD ya ukaguzi, FAR ya taarifa za fedha, na REG ya kodi na sheria. Ya nne unachagua: BAR ya uchambuzi na taarifa za ngazi ya juu, ISC ya mifumo na udhibiti, au TCP ya kodi na mipango ya kodi. Leseni ni ileile, uchaguzi wako hauandikwi juu yake. Alama ya kufaulu ni 75, na hiyo si asilimia 75. Alama inatoka kwenye kipimo cha 0 hadi 99 kinachozingatia ugumu wa maswali. Kila sehemu ina maswali ya kuchagua na maswali ya kesi, ambapo unapewa barua pepe, mkataba, ankara na leja, ukatoe majibu ndani yake. FAR ina maswali 50 ya kuchagua na kesi 7. Mkaguzi kama wewe kesi hazitakutisha, ni kazi uliyokuwa ukiifanya. Kitakachokuponza ni viwango.

Tanzania imekuwa ikitumia IFRS, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, tangu 2004. FAR inapima viwango vya Marekani, na hatari yake ni kwamba vinafanana na vyako vya kutosha kukufanya usisome kwa makini. Chukua mfano wa kushuka kwa thamani ya mashine. Kwenye vitabu ina dola 500,000. Mapato yake ya baadaye bila kupunguzwa kwa riba ni 520,000. Yakipunguzwa, thamani yake ni 430,000, na bei ya soko ni hiyohiyo. Kwa IFRS unalinganisha 500,000 na 430,000, unaandika hasara ya 70,000. Kwa Marekani kuna mlango wa kwanza: unalinganisha 500,000 na zile 520,000 zisizopunguzwa. Kwa kuwa 520,000 ni kubwa zaidi, unasimama hapo, hakuna hasara. Namba ni zilezile, jibu ni jingine, na kwenye orodha ya majibu ile 70,000 itakuwepo ikikusubiri. Na hata pale hasara inapoandikwa kwa viwango vya Marekani, mashine unayoendelea kuitumia ikipanda thamani mwaka unaofuata hairudishwi juu.

Andika daftari la tofauti kama hizo. Kupandisha thamani ya ardhi na majengo kwenye vitabu, jambo la kawaida kwetu, hairuhusiwi. LIFO, yaani kuhesabu kwamba bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo inayotoka kwanza, imekatazwa na IFRS, lakini hapa inaruhusiwa na inaulizwa. Gharama za kuendeleza bidhaa, ambazo IFRS inaziingiza kwenye mali masharti yakitimia, hapa kwa kawaida zinaenda moja kwa moja kwenye matumizi. Mpangaji bado ana aina mbili za ukodishaji wa mali, wakati IFRS 16 imemwachia moja. Juu ya hapo kuna uhasibu wa serikali za majimbo na miji, wenye mifuko yake na lugha yake, ambao hukuusoma popote. Huo uanze upya kabisa kama mwanafunzi mpya.

REG ni kodi ya shirikisho na sheria za biashara za Marekani. Ujuzi wako wa TRA utakusaidia kufikiri tu. Kanuni zote ni ngeni. AUD utaipenda, ila ujue viwango vya AICPA na vya PCAOB ni vitu viwili, cha kwanza kwa kampuni binafsi na cha pili kwa zilizo kwenye soko la hisa, na maswali yanapenda kuvichanganya.

Kwa mpangilio, anza na FAR. Ukifaulu sehemu ya kwanza saa inaanza kukimbia: majimbo mengi sasa yanakupa miezi 30 kumaliza zilizobaki, baada ya miaka mingi ya kutoa 18 tu. Muda unaoutumia kuhangaika na FAR kabla ya kufaulu chochote haukuliwi na saa hiyo. Mwaka 2024 waliofaulu FAR walikuwa kama 40 kwa kila 100, na TCP kama 74. Usikimbilie TCP kwa kuona namba hiyo. Wanaoichagua wengi ni watu wanaofanya kodi kila siku. Chagua kwa kufuata kazi unayotaka kufanya huku. Ukitaka kubaki kwenye ukaguzi, BAR inaendeleza FAR, na ISC inafaa kama unapenda mifumo. Tenga saa 80 hadi 120 za kusoma kwa kila sehemu, na kwa FAR ongeza.

Fedha: ada ya mtihani ni zaidi ya dola 250 kwa sehemu, kwa hiyo zaidi ya 1,000 kwa zote nne hata bila kurudia, ukiacha ada ya maombi. Usilipie sehemu zote kwa mpigo. Ukilipa unapewa NTS, hati inayokuruhusu kupanga tarehe Prometric, na kwa majimbo mengi inakufa baada ya miezi 6. Ikifa, ada imekufa nayo. Lipia moja, au mbili kama una likizo. Na jina kwenye NTS lilingane herufi kwa herufi na kitambulisho utakachoonyesha mlangoni. Ukikuta kosa, lirekebishwe kabla ya siku hiyo, kwa sababu mlangoni hapana mjadala: unarudishwa, na ada hairudi.

Kwa ndugu walioko Oman na Ghuba, mtihani huu unafanyika Falme za Kiarabu pia. Leseni yenyewe bado itatoka kwa jimbo fulani la Marekani na masharti yake yote.

Uzoefu, na kazi uliyonayo sasa

Miaka yako sita ya Dar es Salaam ni mali, ila kwa leseni tatizo ni anayeithibitisha. Majimbo mengi yanataka uzoefu uthibitishwe na CPA mwenye leseni hai ya Marekani aliyekusimamia au anayeijua kazi yako, aandike namba ya leseni yake kwenye fomu na kutia saini. Kama ofisi yako ya Dar ilikuwa na mkuu mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani, mtafute leo. Kama wote walikuwa CPA(T), usiitegemee miaka hiyo.

Kuingiza ankara peke yake kuna hatari ya kukataliwa. Bodi zinatafuta kazi inayotumia maarifa: kufunga hesabu za mwezi, usuluhishi wa akaunti, kuandaa taarifa za fedha, kodi, ukaguzi, ushauri. Haina lazima iwe ofisi ya ukaguzi. Kampuni, serikali na asasi zisizo za faida zinakubalika kwa majimbo mengi. Mwaka mmoja mara nyingi unahesabiwa kama saa 2,000, kwa hiyo hata nusu siku inahesabika kwa uwiano wake. Zungumza na bosi wako ahamishe sehemu ya kazi yako kwenye usuluhishi na ufungaji wa mwezi. Uliza pia kama mkuu wa fedha ni CPA, na usichukue neno lake tu: kwenye tovuti ya CPAverify, bure, ingiza jina uone leseni iko hai au imelala. Wapo wakuu wa fedha wengi waliofaulu zamani na kuacha leseni ilale, na saini yao haitakufaa.

Unaishi makao makuu ya jimbo, na hiyo ni bahati. Ofisi ya Mkaguzi wa Hesabu wa Jimbo la Ohio iko hapohapo Columbus, na ukaguzi wa miji, shule na kaunti ni kazi unayoijua mkononi. Tazama nafasi zao, na za ofisi ndogo za CPA ambazo huongeza watu Januari hadi katikati ya Aprili kwa ajili ya kodi. Muda wako wa uzoefu hausubiri mtihani: kwa kawaida mtu anaweza kuvifanya pamoja, na anayefanya hivyo anamaliza mapema.

Maadili yapite haraka: majimbo mengi yana kozi na mtihani wa maadili kabla ya leseni. Ule wa AICPA unafanyia nyumbani na kufaulu ni asilimia 90. California na Texas wana wa kwao. Chukua ule tu uliotajwa na bodi yako. Baada ya leseni kuna masomo endelevu, Ohio ni saa 120 kwa kila miaka 3.

Ukihama, na wakati unasubiri

Alama za mtihani zinahamishika kutoka jimbo moja hadi jingine, lakini jimbo jipya litakupima kwa masharti yake. Hapa ndipo njia mpya ya shahada na miaka miwili ina kasoro yake: majimbo ambayo hayajabadilisha sheria yanaweza bado kukudai krediti 150. Kama mna mpango wa kuhama Ohio ndani ya miaka michache, soma sheria ya huko mnakokwenda kabla hujachagua njia. Usiombe leseni ya jimbo la mbali kwa sababu mtu kakuambia ni jepesi; omba pale unapoishi na kufanya kazi.

Na hutakiwi kukaa bure ukisubiri. Leseni inalinda jina la CPA na ukaguzi wa taarifa za fedha. Kazi ya uhasibu ndani ya kampuni, utunzaji wa vitabu na kodi kwa sehemu kubwa ziko wazi. Kuandaa kodi za watu kwa malipo kunahitaji PTIN, namba ya mwandaaji wa kodi, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ukipenda kodi, mtihani wa IRS wa sehemu tatu unakufanya wakala wa kodi aliyesajiliwa, anayeweza kumwakilisha mteja mbele ya IRS katika majimbo yote, na hauulizi shahada wala krediti hata moja. Mada zake zinagusana sana na REG, kwa hiyo muda unaoutumia huko haupotei.

Wiki hii, basi: ondoa zile herufi, piga hesabu ya transkripti kwa kugawa kwa 4, fungua maombi ya tathmini, na mtume mtu Dar kwa msajili akiwa na nakala ya kitambulisho chako na barua ya idhini yenye saini yako. Ripoti ikitoka, niandikie namba tatu: jumla ya krediti, za uhasibu na za biashara, pamoja na ile sentensi ya usawa kama ilivyoandikwa, neno kwa neno.